Nyimbo 68 Zilizobaki Nje

Leo nitazungumzia bendi ambayo karibu kila mmoja wetu anaijua, na nyimbo zake ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia.

Bendi yenyewe ni Queen ya Uingereza. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa kwetu pwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake wakamwita Farrokh Bulsara. Ukilitaja jina la Queen popote pale, kijiweni au harusini, utajibiwa papo hapo: Bohemian Rhapsody, We Will Rock You, We Are the Champions. Mwingine ataongeza Another One Bites the Dust. Baada ya hapo watu huanza kukuna vichwa.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kati ya mwaka 1973 na 1978, Queen walitoa albamu saba za studio. Ukihesabu kila kilichomo, pamoja na vipande vya ala vitupu visivyo na maneno, unapata 80. Mwaka 1981 ukatoka mkusanyo ulioitwa Greatest Hits. Toleo lake la Uingereza lilikuwa na nyimbo 17: tano zilitoka katika albamu za mwaka 1980, na 12 tu zilitoka katika zile albamu saba. Albamu ya kwanza kabisa, ile ya 1973, haikuingiza hata wimbo mmoja. Kwa hiyo katika zile 80, 68 zilibaki nje. Mkusanyo huo ukaja kununuliwa zaidi Uingereza kuliko albamu nyingine yoyote katika historia ya nchi hiyo, nakala zaidi ya milioni 7. Mamilioni ya watu waliijua Queen kupitia mlango huo mmoja, na wengi hawakuwahi kuingia vyumba vya ndani.

Lakini wapo walioingia. Wapo Uingereza, Japani, Brazili, na wapo hata huku kwetu, wachache lakini wapo. Ukikaa nao, hawakuzungumzii Bohemian Rhapsody. Wanazungumzia The March of the Black Queen, Lily of the Valley, Long Away, Drowse. Wanayataja majina hayo kwa hamu, kama mtu anayetaja majirani wa mtaa aliokulia. Na ajabu ni kwamba wengi wao walizaliwa baada ya Freddie kufariki, Novemba 1991. Huwezi kusema wanakumbuka ujana wao. Basi wanakumbuka nini?

Tuanze na Queen II, iliyotoka Machi 1974. Santuri hii haikugawanywa upande wa A na upande wa B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa mpiga gitaa Brian May, isipokuwa wimbo wa mwisho, ambao ni wa mpiga dramu Roger Taylor. Mweusi, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni utunzi wa Freddie peke yake. Ndani yake kuna wimbo uitwao The Fairy Feller's Master-Stroke. Freddie aliutoa kwenye mchoro wa Richard Dadd, msanii wa karne ya 19 aliyeuchora kwa miaka mingi akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem. Mchoro huo uko kwenye jumba la Tate jijini London. Ni mdogo, lakini umejaa viumbe hadi pembeni, na Freddie akawachukua viumbe hao mmoja mmoja, akawaimba kwa kasi ya kukata pumzi huku yeye mwenyewe akipiga kinanda cha kale cha nyuzi. Kabla hujatulia, wimbo unamiminikia ndani ya Nevermore, piano na sauti, dakika moja na nukta chache. Nao unakukabidhi kwa The March of the Black Queen.

Wimbo huu una zaidi ya dakika sita. Unabadilika umbo kila unapodhani umeushika: mara rock nzito, mara sauti nyororo ya mtu mmoja, mara kwaya nzima, na karibu na mwisho mapigo mawili tofauti yanakwenda sambamba. Queen hawakuwahi kuupiga wote jukwaani. Magazeti mengi ya muziki ya Uingereza wakati huo hayakuipenda albamu hii, ingawa ilifika nafasi ya tano katika mauzo. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba 1975, Bohemian Rhapsody ikatoka, na dunia ikashangaa: wimbo gani huu wa vipande vipande, usio na kiitikio? Mtu aliyekuwa amekaa na Upande Mweusi hakushangaa. Alikuwa ameshamsikia Freddie akijaribu, akikosea hatua, akirudi tena, mpaka njia ikapatikana. Bila wimbo ule uliosahauliwa, huu uliosifiwa usingekuja jinsi ulivyokuja.

Na kuna jambo jingine ambalo mkusanyo hauwezi kukupa. Wimbo wa kwanza wa Queen kupanda chati za Uingereza ni Seven Seas of Rhye, uliofika nafasi ya kumi mwaka 1974. Huo umo kwenye Greatest Hits. Rhye ni nchi ya kubuni, iliyobuniwa na Freddie pamoja na mdogo wake wa kike, Kashmira. Mwenye mkusanyo anaipita nchi hiyo kwa dakika tatu, basi. Lakini mwenye albamu zote anaendelea. Novemba 1974 inatoka Sheer Heart Attack, na humo kuna nyimbo tatu zilizounganishwa bila kituo. Ya tatu ni Lily of the Valley, fupi, ya upole, ya piano. Ndani yake inapita habari kwamba mfalme wa Rhye amepoteza kiti chake. Inapita tu, bila kupigiwa ngoma. Yule aliyeisikia nchi ile ikiimbwa kwa mbwembwe miezi michache nyuma, sasa anasikia imeanguka. Hilo ni jambo kati ya msanii na msikilizaji mwaminifu, na halinunuliwi kwa kusikiliza wimbo mmoja mmoja.

Nenda sasa kwa mpiga gitaa la besi, John Deacon. Alikuwa mtu mkimya, wa mwisho kujiunga na bendi, mwaka 1971. Wimbo wake wa kwanza katika albamu za Queen ni Misfire, nao upo kwenye Sheer Heart Attack. Haufiki dakika mbili, na magitaa mengi yaliyomo aliyapiga mwenyewe. Ukiusikia unaweza kusema ni wimbo mdogo tu wa kuchangamsha. Lakini mwaka uliofuata mtu huyo huyo akaandika You're My Best Friend, na mwaka 1980 akaja na Another One Bites the Dust, uliokwenda mpaka nafasi ya kwanza Marekani. Mimi naupenda Misfire kwa sababu hiyo. Unamsikia kijana anayeanza kuthubutu, naye yuko katika bendi yenye watunzi wengine watatu wenye sauti kubwa, na hakuna aliyemzima.

Katika albamu A Night at the Opera, ya Novemba 1975, ile yenye Bohemian Rhapsody, utaukuta wimbo wa Brian May uitwao '39. Ukiusikiliza juu juu unadhani ni wimbo wa mabaharia wa zamani: magitaa ya kawaida, John Deacon akipiga besi kubwa ya kusimama, watu wakiimba pamoja. Sikiliza kisa chake. Watu wanajitolea kwenda safari ya mbali kutafuta nchi mpya. Wanaporudi, wao wenyewe wamezeeka mwaka mmoja, lakini nyumbani imepita miaka mia. Mke aliyeachwa nyuma hayupo tena. Hiyo ni fizikia ya Einstein: kwa anayekwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, muda hupita polepole kuliko kwa aliyebaki. Brian alikuwa mwanafunzi wa elimu ya anga katika Chuo cha Imperial, London. Aliacha utafiti wake kwa ajili ya bendi, akaurudia baadaye, na mwaka 2007 akapata shahada ya uzamivu. Kati ya watu wote wa rock, ni yeye aliyeweza kuichukua nadharia ile akaifanya kilio cha msafiri aliyerudi akakuta aliyemwacha hayupo. Nani kati yetu, tunaoishi na ndugu walioondoka wakakaa ughaibuni miaka na miaka, asiyekielewa kilio hicho?

Katika albamu hiyo hiyo upo Good Company. Unasikia bendi ya jazi ya zamani: klarineti, tromboni, tarumbeta. Hakuna hata chombo kimoja kati ya hivyo. Vyote ni gitaa la Brian, lile alilolitengeneza na baba yake nyumbani kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikitoka kwenye mbao za meko ya zamani. Alilipitisha kwenye kikuza sauti kidogo ambacho John Deacon alikiunda kwa vifaa alivyoviokota kwenye takataka, akarekodi mlio mmoja baada ya mwingine mpaka bendi nzima ikasimama. Katika miaka ile Queen waliandika kwa fahari kwenye majalada ya albamu zao kwamba hawakutumia sinthesaiza. Ukitaka kuelewa fahari ile ilitokana na nini, We Will Rock You haitakueleza. Good Company itakueleza.

Msikilizaji, najua kuna mtu hapo nyumbani anasema: wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama nyimbo hizo ni nzuri hivyo, mbona hazikujiuza?

Nitakujibu kwa historia ya Bohemian Rhapsody yenyewe. Wimbo ule una dakika tano na sekunde 55. Wafanyabiashara wa muziki waliona ni mrefu mno, kwamba hakuna redio itakayoupiga. Ndipo mtangazaji wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, alipopata nakala kabla haujatoka, akaupiga tena na tena mwishoni mwa juma moja. Watu wakaenda madukani kuuulizia. Ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza majuma tisa. Uzuri wake ulikuwapo tangu studio, lakini ilibidi mtu mwenye kipaza sauti aamini masikio yake kwanza. Basi hata kilicho kizuri sana huhitaji wa kukifikisha sokoni. Zile 68 hazikukosa uzuri. Zilikosa mtu wa kuzifikisha.

Tazama pia upande wa pili wa santuri ile ndogo ya Bohemian Rhapsody. Pale palikuwa na wimbo wa Roger Taylor, I'm in Love with My Car. Malipo ya watunzi yalihesabiwa kwa santuri iliyouzwa, sio kwa upande uliopigwa. Kwa hiyo Roger alipata kwa kila nakala sawasawa na Freddie, na jambo hilo lilileta manung'uniko ndani ya bendi. Lakini kwa mashabiki, upande wa pili ulikuwa zawadi. Ulinunua wimbo mmoja ukapewa wa pili ambao hukuuomba, na kwa kuwa umeulipia, unaugeuza siku moja na kuusikiliza. Mwaka 1974, nyuma ya Seven Seas of Rhye, waliweka See What a Fool I've Been, wimbo wenye mwendo wa bluzi ambao haukuwa katika albamu yoyote ya wakati ule. Usipoigeuza santuri, hujui kama upo.

Na mashabiki wenyewe wana nguvu ya kuutoa wimbo kivulini. Love of My Life ulikuwa wimbo wa ndani ya albamu, wa piano na kinubi. Haukuwamo katika ule mkusanyo wa nyimbo 17. Jukwaani, Freddie na Brian waliufanya wa watu wawili, sauti moja na gitaa moja. Basi watazamaji wakaanza kuuimba. Mwaka 1979 ukatolewa kwa santuri ndogo kutoka onyesho la hadharani, sauti za watu zikiwa humo humo. Queen walipokwenda Argentina na Brazili mwaka 1981, na waliporudi Brazili kwa tamasha la Rio Januari 1985, viwanja vizima viliuimba kwa Kiingereza, lugha ambayo si yao, neno kwa neno, mpaka Freddie akawa anasimama kuwasikiliza. Wimbo ule haukupandishwa na kampuni. Uliinuliwa na watu.

Hata desturi ya Queen kuimba na umati wao ilianza katika wimbo ambao leo haujulikani: In the Lap of the Gods... Revisited, wa mwisho katika Sheer Heart Attack. Ulikuwa wimbo wa kufungia maonyesho yao kwa miaka kadhaa. Kisha Mei 1977, katika ukumbi wa Bingley mjini Stafford, watu walikataa kuondoka baada ya onyesho, wakaimba wenyewe kwa wenyewe wimbo wa mashabiki wa mpira. Brian na Freddie wakaondoka na wazo la kuwatungia watu nyimbo za kuimba, na mwaka ule ule zikaja We Will Rock You na We Are the Champions. Nyimbo hizo mbili zikachukua nafasi ya kufungia, na ule wa kwanza ukakaa pembeni mpaka ziara ya 1986, ambayo ilikuwa ya mwisho kwa Freddie.

Sasa turudi kwetu. Familia ya Bulsara iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, ikahamia Feltham, karibu na London. Farrokh alikuwa na miaka 17, na sehemu kubwa ya masomo yake alikuwa ameipata katika shule ya bweni huko Panchgani, India. Mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe, na wageni wanakuja, wanapiga picha mlangoni. Ni vizuri. Lakini ningependa mgeni anayetoka pale, na kijana wa Unguja anayempokea, waujue wimbo uitwao Mustapha, unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978. Freddie anaanza peke yake, kwa sauti inayopanda na kushuka ambayo mtu yeyote wa pwani ataitambua kabla ya neno la pili. Kuna Mustafa, kuna Ibrahimu, kuna maamkizi tunayopeana kila siku mlangoni. Maneno mengine ni ya kubuni tu, yamechanganywa na yenye maana. Sidai kujua alikuwa akiwaza wapi alipouandika. Ninachojua ni kwamba jukwaani aliupenda ule mwanzo wake kiasi cha kuutanguliza kabla ya Bohemian Rhapsody. Wimbo mkubwa kuliko zote alizotunga, na mlangoni mwake akaweka sauti ile. Nasi tunaweza kuishi miaka mingi tukijivunia kwamba alizaliwa hapa bila kuusikia.

Nimejiuliza hao mashabiki wanakumbuka nini, nao vijana waliozaliwa baadaye wanaonea shauku kitu gani. Jibu langu ni hili. Wimbo uliovuma ni wa wote. Umepigwa viwanjani, kwenye matangazo ya biashara, kwenye filamu. Ukiusikia, unakuja na kumbukumbu za watu wengine wengi, na wewe unapata kipande chako humo. Wimbo uliofichika hauna kumbukumbu ya mtu mwingine yeyote isipokuwa yako. Uliukuta mwenyewe, siku ambayo hakuna aliyekuambia uusikilize. Hakuna aliyekuandalia jinsi ya kuupenda. Kwa hiyo shauku hii kwa kiasi kikubwa ni ya namna ya kusikiliza: kuiweka santuri, kukaa dakika 20 upande mmoja, kuinuka, kuigeuza, kukaa tena, na kumwamini msanii kwamba alipoweka wimbo wa tatu baada ya wa pili alikuwa na sababu. Namna hiyo ya kusikiliza haikufa na miaka ya 1970. Kijana mwenye simu tu anaweza kuifanya leo usiku, kwa sharti kwamba asiruke.

Na bendi yenyewe inaonekana kulijua hilo. Mwaka 2011 ulitolewa mkusanyo wa nyimbo zao zisizovuma, ukafuatiwa na mingine miwili. Oktoba 2024 albamu ya kwanza ikatolewa upya, na wimbo wa Mad the Swine, uliokuwa umeondolewa katika orodha kabla albamu hiyo haijatoka mwaka 1973, ukarudishwa mahali pake. Imechukua zaidi ya miaka 50, lakini umerudi.

Basi ombi langu ni kwa pande mbili. Kwetu sisi tunaoshika vipaza sauti: tusiwapigie watu kile tu tunachojua wameshakizoea. Kenny Everett hakufanya hivyo, na ndiyo maana leo tunaujua wimbo ambao wafanyabiashara waliuogopa. Kila tunapopiga wimbo mmoja uliovuma, tutafute na mwenzake aliyekaa kimya katika albamu ile ile, na tuwaambie wasikilizaji jina lake na mtunzi wake. Na kwako wewe, msikilizaji: ukipiga simu kuomba wimbo wa Queen, usiombe ule ambao mtangazaji ameshauweka tayari kabla hujapiga. Muombe '39. Muombe Lily of the Valley. Muombe Mustapha. Akikuambia hana, mwambie autafute, na juma lijalo upige tena.